This na That: Madai Matano Yanayowapotosha Wanafunzi wa Taveta

Viashiria vinne vya Kiingereza, yaani this, that, these na those, huonekana vyepesi kiasi kwamba hufundishwa kipindi kimoja na kuachwa. Hata hivyo, ndivyo vinavyoendelea kupunguza alama za insha hadi kidato cha nne. Taveta ni mji wa mpakani. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya stendi na ya mazungumzo na jirani wa Holili, upande wa Tanzania, ilhali Kiingereza kinangoja kwenye mtihani, barua rasmi na mahojiano ya kazi. Katika hali hiyo kumezuka madai ambayo wengi huyakubali bila kuyahoji. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "This ni karibu, that ni mbali, basi."

Hiyo ni nusu ya ukweli. Kiswahili hugawa nafasi mara tatu. Muuzaji wa ndizi katika soko la Taveta husema mkungu huu akiwa ameushika mwenyewe, mkungu huo ukiwa mikononi mwa mteja, na mkungu ule ukiwa bado juu ya lori. Kiingereza kina nafasi mbili tu: wa kwanza ni "this bunch", na miwili iliyobaki yote ni "that bunch". Mwanafunzi aliyekariri kwamba that ni mbali hukwama kwenye mkungu wa pili, maana mteja yuko hatua moja tu kutoka kwa muuzaji. Kipimo cha Kiingereza si hatua. Kinachotazamwa ni kama msemaji anakihesabu kitu kuwa upande wake. Ndiyo maana Mlima Kilimanjaro, ulio ng'ambo ya mpaka, huitwa "this mountain" ukiwa ndio mada ya aya, na chakula kilichokwisha sasa hivi husifiwa kwa "That was delicious".

Dai la pili: "This na these hutofautiana kwenye maandishi tu."

Si kweli. Irabu ya this ni fupi, na neno huishia kwa s kama ya basi. Irabu ya these huvutwa, na neno huishia kwa z kama ya kazi. Kiswahili hakitenganishi irabu hizo mbili, kwa hiyo sikio huzichanganya na mkono huandika "this people" badala ya "these people". Mwalimu aanze na masikio: asome maneno hayo kwa sauti, wanafunzi wainue kidole kimoja kwa umoja na viwili kwa wingi, kabla ya kuandika lolote. Sauti ya mwanzo nayo si ngeni, kwani ni dh ya dhahabu. Hakuna haja ya kusema "zis".

Dai la tatu: "Fuata idadi ya Kiswahili, hutakosea."

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Habari hizi huzaa "these news", kumbe news ni umoja: "this news". Mahindi haya ni "this maize", na maziwa haya ni "this milk", lakini maharagwe haya ni "these beans". Upande wa pili, suruali hii ya mtumba ni "these trousers", mkasi huu ni "these scissors", na miwani hii ni "these glasses". Kiswahili hupatanisha kiashiria na ngeli ya nomino. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Hutazama kama nomino inahesabika, na kama yenyewe inachukuliwa kuwa umoja au wingi. Kwa hiyo nomino ya Kiingereza na ifundishwe pamoja na kiashiria chake tangu siku ya kwanza.

Dai la nne: "Kiashiria kinaweza kusimama peke yake popote."

Katika Kiswahili, "Huyu ameniambia" ni sentensi safi. "This told me" si Kiingereza. Kwa mtu, this husimama peke yake katika kumtambulisha: "This is my brother". Penginepo kinahitaji nomino: "This man told me". Vivyo hivyo, huyu ndugu yangu si "this my brother" bali "this brother of mine".

Uangalifu huo unahitajika pia katika barua rasmi. Chukua mfanyabiashara anayelalamika hivi: "The road was closed and our tomatoes rotted. This must be addressed." Je, this ni kufungwa kwa barabara au kuoza kwa nyanya? Afisa anayesoma ana haki ya kuuliza. "This closure must be addressed" haimwachii shaka.

Dai la tano: "Kiswahili na lugha za nyumbani ndizo zinazoharibu Kiingereza."

Dai hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Ndilo lililowavisha watoto wa Kenya vibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kitaveta, Kidawida na Kiswahili ni lugha za Kibantu zenye ngeli, na mtoto anayezizungumza hupatanisha maneno bila kufundishwa. Mtoto anayetofautisha huyu, huyo na yule anajua mengi zaidi kuhusu kuashiria kuliko Kiingereza kinavyomdai. Kosa hutokea kwa sababu hakuna aliyemwonyesha Kiswahili na Kiingereza vinapoachana. Hata sera za nchi haziungi mkono dai hili: Ripoti ya Gachathi kuhusu elimu ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka Serikali kukuza na kulinda lugha zetu mbalimbali.

Mwalimu, andika mkungu huu, huo na ule upande mmoja wa ubao, na this na that upande wa pili, kisha waulize wanafunzi ni kipi kimekosa mwenzake. Nanyi wazazi, msiwakataze watoto Kiswahili wala Kitaveta kwa kuhofia mtihani wa Kiingereza.