Omba Kabla Hujaaga

Wenzetu waliofika Marekani miaka ya 1990, wakati mabenki na kampuni za bima zilipohangaika kutafuta watu wa kompyuta ili mwaka 2000 usije ukaangusha mifumo yao, sasa wana miaka sitini na kitu. Harusini na misibani swali lao ni lile lile: nitapata wapi kazi ya siku mbili tatu kwa wiki, nisibaki nyumbani kulinda televisheni?

Jibu letu huenda lisiwafurahishe wote. Msianzie kwenye matangazo ya kazi. Kazi za kompyuta za siku chache hazitangazwi sana, na zikitangazwa hugombewa na vijana wa kila bara. Ipo sheria ya mwaka 1967 inayomkinga mwenye miaka 40 na zaidi asibaguliwe kwa umri wake, lakini kuthibitisha kwamba ni umri uliokunyima kazi kunataka wakili na subira.

Kazi unayoitafuta mara nyingi iko hapo hapo ulipo. Ni ule mfumo uliousimamia miaka yote hii, ambao vijana wa ofisini wanaogopa hata kuugusa. Aprili 2020 gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya programu iliyoanza mwaka 1959, kwa sababu mitambo ya zamani ya kulipa waliopoteza ajira ilikuwa imezidiwa. Ujuzi wa kale una wateja, ila wateja hao hawajui ulipo ukishaondoka.

Kwa hiyo nenda kwa bosi mwaka mmoja kabla, ukiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni. Usimuulize kama ana nafasi. Mpelekee pendekezo: siku mbili kwa wiki, mifumo hii na hii, na kijana mmoja wa kumfundisha. Wengi wetu tunaona haya, kana kwamba ni kuombaomba. Tunakatiwa keki, tunapewa kadi, miezi sita baadaye tunaanza kupiga simu, na kumbe kazi imekwisha kupewa kampuni ya nje.

Hesabu nayo ifanywe mapema. Ukishuka chini ya saa 30 kwa wiki, mwajiri halazimiki tena kukupa bima ya afya, na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida husubiri miaka 65. Mafao ya Social Security unaweza kuyachukua ukiwa na miaka 62, lakini kwa waliozaliwa 1960 na baadaye yanapungua kwa asilimia 30 kuliko wangesubiri miaka 67. Tena mwaka 2025, aliyekuwa bado mbali na umri huo akapata mshahara wa zaidi ya dola 23,400, alizuiliwa dola moja ya mafao kwa kila dola mbili za ziada. Fedha hiyo haipotei, kwani mafao hukokotolewa upya ukifika 67. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kazi ndogo ni afadhali ikusaidie kuchelewesha mafao. Na ukilipwa kama mkandarasi, kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ni juu yako, basi usitaje bei ya saa kwa kugawanya tu mshahara wako wa zamani.

Ndugu nyumbani nao waambiwe mapema kwamba Social Security hulipa mwezi kwa mwezi. Hakuna kiinua mgongo cha kununulia kiwanja.

Wapo wanaotaka kuifanyia kazi hiyo Tanga au Kisumu. Waulize kwanza kama kompyuta ya mwajiri inaruhusiwa kuvuka mpaka, na wakumbuke kwamba Medicare kwa kawaida hailipii matibabu huko. Majira ya baridi, mkutano wa saa tatu asubuhi Dallas huwa saa kumi na mbili jioni Afrika Mashariki, na ule wa alasiri utakukuta usiku wa manane. Kwa siku mbili za wiki, hilo linavumilika.