Mfadhili: Ni Jina au ni Kazi?

Mtu wa pwani akipanda Kericho hujuta kuacha koti nyumbani. Nilipofika mimi, ukungu ulikuwa umelalia majani ya chai, nami nikajitanda shuka kama mgonjwa wa homa. Lakini kilichonishughulisha si baridi, ni vibao vya shule njia nzima ya Bomet: mtakatifu huyu, mtakatifu yule.

Ndugu msomaji, usidhani shule hizo zote ni mali ya kanisa. Nyingi ni za serikali. Walimu wao huajiriwa na tume ile ile iajiriyo wa Lamu, na mtihani ni mmoja. Kanisa ni mfadhili, cheo kilichowekwa na Sheria ya Elimu ya 1968, serikali iliposhika uendeshaji wa shule za wamisionari. Sheria ya 2013 imekifafanua: mfadhili huwa na wajumbe katika halmashauri ya shule, hushauri mambo ya dini, na husaidia kwa fedha na majengo.

Jimbo Katoliki la Kericho, lenye kaunti hizo mbili, lilikatwa kutoka Nakuru mwaka 1995. Ni dogo kwangu kwa umri! Lakini limerithi desturi ya kale: parokia na shule ni jirani, padri huijua njia ya darasani, na mchuma chai asiye na kitu hutoa chake kanisani akijua mwanawe yumo.

Sisemi yote ni asali. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfadhili alinde dini za wengine, na hapo ndipo tunapoumia. Kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo, iliyofadhiliwa na kanisa jingine, ilifika Mahakama ya Juu, na hukumu ya Januari 2019 haikutufurahisha. Haki hiyo tuendelee kuidai.

Lakini kudai ni nusu ya kazi. Mlango wa ufadhili haukuandikwa kanisa peke yake. Msikiti nao waweza kuingia. Wala si jambo geni kwetu. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa kiliasisiwa mwaka 1948, wakachangia Sultani wa Unguja na Aga Khan, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Nyumba na mashamba ya wakfu tunayo tele. Je, kodi yake ngapi imenunua dawati?

Chuoni tulifundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka iendeleayo, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye. Niliposimama pale kwenye baridi niliona kwamba shule moja yaweza kuzikusanya zote tatu. Wenzetu wa bara wameanza zamani. Sisi tuliohifadhi maneno hayo tangu utotoni tunangoja nini?