Mguu Uliozoea Breki

Hivi majuzi mpwa wangu alinijia Mkongani na gari la umeme. "Mjomba, shika usukani wewe," akaniambia. Nikapiga bismillahi, tukashika njia ya Kwale.

Kwenye mteremko wa kwenda Kombani niliondoa mguu kwenye mafuta, jina la mazoea tu kwani mafuta hamna, nikitaraji gari liserereke. Likajizuia lenyewe, nasi tukasukumwa mbele. Mpwa wangu akacheka, kisha akanifahamisha: mguu ukiondoka, mota hugeuka jenereta. Magurudumu huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na mwendo hupungua. Nguvu ambayo breki za kawaida huipoteza kwa joto, sehemu yake hapa huokolewa.

Ni neema, ndugu msomaji, lakini ina hadhari yake. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, na kizuizi hicho huweza kupungua. Aliyejaza betri Kwale mjini akateremka papo hapo ataihitaji breki, na mguu uliosahau breki utachelewa. Uchina imeliona hilo: kanuni yake ya mwaka 2026 yataka gari jipya lisisimame kabisa kwa kuachia mafuta tu, ila dereva achague mwenyewe.

Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari haya mwaka 2019, kutoka asilimia 20 hadi 10. Yatazidi kutufikia. Basi madereva wetu wafunzwe kuachia na kukanyaga pia. Chuoni, tulipofunguliwa sura mpya, mwalimu hakuturuhusu kuisahau ya zamani.