Meko ya Kuotea Moto: Somo Tusilolifundisha

Mwalimu aliyezaliwa pwani akipangiwa kazi Njombe, Makete au Mufindi hupokewa na jambo asilolijua: baridi ya Juni na Julai. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Na katika uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, majani huweza kuamka yakiwa meupe kwa sakitu. Ndiyo maana baadhi ya nyumba za nyanda za juu, hasa zile za zamani, zina meko ya kuotea moto yaliyojengwa ukutani, yenye dohani inayochomoza juu ya paa.

Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Usiku wa kwanza nilifunga madirisha yote, nikapanga kuni na kuwasha moto. Baada ya dakika chache sebule ilijaa moshi, nami nikakimbilia nje nikikohoa, huku nimekiacha kitabu cha fizikia mezani. Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja: tunafundisha kanuni za moto darasani, lakini hatufundishi moto wenyewe, na upungufu huo unaweza kuua.

Kwa nini moshi ulirudi ndani? Hewa ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa baridi, ikapanda. Dohani isiyotumika kwa muda mrefu imejaa hewa baridi na nzito, ambayo moto mchanga hauwezi kuisukuma. Dawa yake ni kwanza kushika tita dogo la nyasi kavu linalowaka chini ya koo la dohani, mpaka ipate joto na kuanza kuvuta. Tena, hewa haiwezi kutoka chumbani bila nyingine kuingia mahali pake. Dirisha lililofunguliwa kidogo si upotevu wa joto. Ni sehemu ya meko.

Kosa langu la pili lilikuwa kuni mbichi. Kuni zilizokatwa karibuni huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kilojuli 18,000 hivi, na kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 2,600 hivi ili ichemke na kuwa mvuke. Kwa hiyo gogo lenye kilo moja ya maji kwa kila kilo moja ya kuni hupoteza karibu sehemu moja kwa saba ya joto lake katika kujikausha. Hasara kubwa zaidi ni kwamba moto hupoa, gesi hupanda kabla hazijaungua, nazo huganda ndani ya dohani kama lami. Lami hiyo ikishika moto, nyumba nzima imo hatarini. Kuni za miwati au mikaratusi zipasuliwe na kupangwa penye upepo, chini ya paa, kwa miezi kadhaa.

Wapo wasemao kwamba meko haya ni anasa ya kigeni, na kwamba jiko la mkaa latosha. Nakubali kwamba meko ya wazi hupoteza joto jingi kupitia dohani. Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Count Rumford, aliandika juu ya kasoro hiyo mwaka 1796, akashauri meko yawe na kina kifupi, kuta za pembeni zilizotanuka kuelekea chumbani, na koo jembamba. Lakini dohani ina faida ambayo jiko la mkaa halina: huondoa sumu.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia asiamke. Babu zetu walilala karibu na moto, ni kweli. Lakini nyumba ya nyasi ilipitisha hewa kila upande, na hata hivyo moshi uliwadhuru macho na mapafu. Chumba cha leo chenye dari, vioo na mlango uliozibwa kwa nguo hakipumui. Jiko la mkaa lisiingizwe humo hata kidogo.

Basi anayewasha meko kwa mara ya kwanza aanze kwa kuikagua dohani: ina nyufa, kiota cha ndege au mzinga wa nyuki? Kilango chake cha chuma kifunguliwe, wala kisifungwe kabla makaa hayajazimika kabisa. Meko mapya yawashwe moto mdogo kwa siku kadhaa, ili maji yaliyomo katika udongo na saruji yatoke polepole bila kupasua ukuta. Asimwagie mafuta ya taa. Asichome vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Majivu ayaweke nje katika chombo cha chuma, maana huficha makaa hai hata siku ya pili.

Nawashauri walimu wa nyanda za juu watenge vipindi viwili kila mwezi Mei, kabla ya baridi kuanza. Wanafunzi wapime uzito wa kuni mbichi kila wiki mpaka usipungue tena, wakokotoe maji yaliyotoka, kisha wawaeleze wazazi wao kwa nini jiko la mkaa lisilale chumbani. Somo hilo halihitaji maabara. Linahitaji mizani, kuni, na mwalimu asiyeona haya kukiri kwamba naye aliwahi kukimbizwa na moshi.