Walivunja kwa usiku mmoja kazi ya miaka 25

Kuvunja, msomaji wangu, hakuhitaji ufundi. Mtoto wa miaka mitatu aweza kuangusha kwa mkono mmoja saa iliyomchukua fundi wiki nzima kuitengeneza. Kuunda ndiko kunakotaka subira, macho makali, vidole vitulivu na usiku mwingi wa kukesha. Ndiyo sababu Jumapili hii nataka tuzungumze, wewe mzazi na wewe mwanafunzi, kuhusu vijana wanaoharibu vitu ambavyo wengine wameviunda kwa mapenzi tu, bila kutarajia hata senti moja.

Hebu kwanza nikupeleke mbali kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Katika mji wa Stamford, jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza, chama cha watu ambao uraibu wao ni kuunda treni ndogo, chama cha Market Deeping, kilikuwa kimetayarisha maonyesho yake ya kila mwaka katika ukumbi wa shule moja. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi, tarehe 18 Mei, 2019. Meza zilipangwa, reli zikaunganishwa, vituo na vijiji vidogo vikawekwa mahali pake. Jioni watu wakafunga milango na kwenda kulala.

Usiku huo vijana wanne walivunja na kuingia humo ndani. Asubuhi wenye kazi yao walipofika, hawakukuta maonyesho, walikuta jalala. Mabehewa yalikuwa yamekanyagwa, nyumba ndogo zimepondwapondwa, vipande vimetapakaa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi moja iliyoharibiwa ilikuwa imechukua miaka 25 kuundwa. Hasara ilikadiriwa kuwa takriban pauni 30,000, yaani karibu shilingi milioni nne za Kenya kwa kiwango cha mwaka huo. Hakuna kilichoibwa cha kuwafaidi vijana hao. Walivunja, basi.

Najua kuna msomaji anayetabasamu sasa hivi. Wazee wazima na treni za kuchezea! Ngoja kidogo kabla hujacheka. Waingereza wengi huunda treni hizi kwa kipimo cha moja kwa 76. Behewa la kweli lenye urefu wa mita 20 huwa sentimita 26 hivi mezani. Kila dirisha, kila ngazi, kila bango la kituo hupunguzwa kwa kipimo hicho hicho. Mti husokotwa kwa nyaya kisha ukavishwa majani. Ukuta hupakwa rangi hadi ufanane na ukuta ulionyeshewa na mvua kwa miaka hamsini. Mtu hutoka kazini jioni, akala chakula chake, akaketi na kibano na gundi hadi usiku wa manane. Wengine ni wastaafu, na kazi hiyo ndiyo inayowafanya waamke asubuhi wakiwa na jambo la kufanya.

Na sisi huku si wageni wa mambo haya. Ni mtoto gani wa mashambani au wa mtaa wa mabanda ambaye hajaunda gari la waya, magurudumu yake vifuniko vya chupa au vipande vya ndara? Ni mtaa gani wa Nairobi usio na kijana anayefuga njiwa, au mzee mwenye maua yake katika mikebe ya rangi, au mwanafunzi anayekusanya redio mbovu ili atengeneze moja nzima? Jiji hili lenyewe lilizaliwa na reli mwaka wa 1899. Uraibu si mchezo wa matajiri. Ni pale mtu anapoweka sehemu ya nafsi yake ambayo mwajiri hakuinunua.

Hapo ndipo penye uchungu. Ukivunja kioo cha duka, mwenye duka atalia hasara yake, kisha ataita fundi na kesho kioo kipya kitakuwa pale. Lakini ukikanyaga kazi ya miaka 25 ya mzee wa miaka 70, umemnyang'anya kitu kisichouzwa dukani. Huwezi kumwambia aanze tena. Ataanza tena kwa miaka gani?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Jamii ifanye nini na vijana kama hawa?

Kuna kambi mbili, na bila shaka umewahi kuzisikia zote mbili nyumbani mwako. Ya kwanza husema: wachapwe, wafungwe, wafunzwe adabu. Katika mitaa yetu kambi hii mara nyingine huwa haingoji polisi. Kelele ya "mwizi!" hutosha, na kabla hujauliza kuna nini, mtoto wa mtu amezungukwa na mawe. Kambi ya pili husema: ah, huo ni utoto tu, waacheni, watakua. Mzazi mwenye uwezo huenda kimya kimya kwa aliyetendewa, akatoa bahasha, na mambo yakaishia hapo.

Mimi nasema kambi zote mbili zinamwepusha kijana na jambo moja tu ambalo lingemsaidia, nalo ni kuutazama uso wa mtu aliyemuumiza.

Mwenye kuchapwa huihesabu mijeledi. Ikiisha, deni limeisha. Anaondoka akiwaza maumivu yake mwenyewe, si ya mzee yule. Pengine hata anajiona shujaa mbele ya wenzake. Naye anayelipiwa na babake kwa siri hujifunza kwamba pesa hufagia kila kitu. Wahenga walituonya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hawakusema kulia kwa mwana kuwe kwa kiboko tu. Kuna kilio kinachotoka moyoni mtu anapotambua alichokifanya, na hicho ndicho chenye mafunzo.

Wale vijana wa Stamford walifikishwa katika mahakama ya watoto. Majina yao hayakuchapishwa kwa sababu ya umri wao. Hawakutupwa jela, wala hawakuambiwa waende zao. Walipewa amri ambayo sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1999 ilianzisha kwa kijana anayekiri kosa kwa mara ya kwanza: badala ya kifungo, hukalishwa mbele ya jopo lenye raia wa kawaida wa eneo hilo pamoja na mzazi wake, wakakubaliana mkataba. Mkataba huo humtaka afanye jambo la kurekebisha madhara aliyoyaleta, na aonyeshe atakavyobadilika. Fauka ya hayo, palitolewa amri ya fidia ya pauni 500 kwa kila mmoja.

Wapo waliosema adhabu hiyo ni nyepesi mno ikilinganishwa na hasara. Pengine kwa hesabu ya pesa ni kweli. Lakini niambie, ni adhabu gani ingalikuwa na uzito sawa na miaka 25? Hata ukiwafunga miaka mitano, treni haitarudi mezani. Swali la maana si kijana aumie kiasi gani. Swali ni atoke humo akiwa mtu wa namna gani.

Mfano wa mambo haya upo, na ni wa zamani kuliko mtindo wa sasa. Mwaka wa 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, vijana wawili walilewa usiku mmoja wakaharibu mali ya watu 22. Walichana magurudumu ya magari na kuvunja vioo. Afisa wa urekebishaji akapendekeza jambo ambalo wakati huo lilionekana kichekesho: vijana hawa wapite nyumba kwa nyumba, wabishe hodi, wawatazame wenyewe, wakiri, kisha walipe. Hakimu akakubali. Wakapita, mlango baada ya mlango, na wakalipa.

Mmoja wao, Russ Kelly, miaka mingi baadaye alijitokeza hadharani kueleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa mmoja wa vijana wale, akawa mtetezi wa njia hiyo ya haki. Tafakari, msomaji. Kubisha hodi kwa mama uliyemvunjia dirisha, ukiwa umesimama kwenye mlango wake mchana peupe, ni kugumu kuliko viboko kumi.

Usidhani haya ni mambo ya wazungu tuliyoletewa kwa meli. Vikao vya wazee wetu vilikuwa vikifanya hivyo hivyo tangu jadi: aliyekosa, aliyekosewa na jamaa zao waliketi pamoja, wakasikilizana, fidia ikatajwa, na watu wakala pamoja kuonyesha kwamba ugomvi umezikwa.

Hata sheria yetu ya leo inaelekea huko. Ni kweli kwamba kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa ambalo mtu mzima anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 iliinua umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikaruhusu kesi za watoto kuondolewa kwenye mkondo wa mahakama ili mtoto aombe radhi, alipe fidia au atumikie jamii. Viboko navyo vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Mzazi anayesema hakuna njia nyingine ila kiboko au seli hajauliza.

Sasa turudi nyumbani kwako. Tuseme mwanao wa miaka 14 na wenzake wamevunja banda la njiwa la jirani. Njiwa wengine wamekufa, wengine wametoroka. Jirani amesimama mlangoni pako akitetemeka kwa hasira. Utafanya nini?

Kwanza, usimtetee mwanao kabla hujasikia. Ile kauli ya "mtoto wangu hawezi" imewaharibu wengi. Mkaribishe jirani aketi, mwite kijana, amsikilize mzee wa njiwa tangu mwanzo hadi mwisho: njiwa wa kwanza alimpata wapi, alimpa jina gani, alikuwa akiwalisha saa ngapi. Usimkatize.

Pili, kijana aombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Usimsemee.

Tatu, fidia itoke jashoni mwake kadiri inavyowezekana. Kama ni lazima ulipe wewe kwanza, aifanyie kazi hata amalize. Na zaidi ya pesa, atoe mikono yake. Jirani akikubali, kijana aende Jumamosi nne mfululizo ashike nyundo na kujenga banda upya. Nasema jirani akikubali, kwa sababu aliyeumizwa halazimishwi kumwona aliyemuumiza. Akikataa, heshima ni yake, na kijana atafutiwe kazi nyingine ya kufaa mtaa.

Nne, waite wazazi wa wale wenzake. Vijana huvunja wakiwa kundi kwa sababu katika kundi kila mmoja hudhani kosa ni la mwingine. Kila mmoja apewe sehemu yake aibebe.

Baada ya hapo, na hili tunalisahau sana, kosa lizikwe. Kijana aliyelipa deni lake asiitwe mhalifu kila sukari inapopotea jikoni. Ukimbandika jina hilo, atalivaa.

Lakini jamii ina wajibu mwingine, nao ni kwa yule aliyeharibiwa. Mara nyingi tunahangaika na mkosaji hadi tunamwacha mwenye hasara akiokota vipande peke yake. Hapo watu wa Stamford walipata bahati njema. Chama kiliomba mchango wa pauni 500 tu. Habari zilipoenea, watu wasiowajua wakatoa hata pesa zikapita pauni 100,000. Mwanamuziki Rod Stewart, ambaye uraibu wake pia ni kuunda treni ndogo, alitoa pauni 10,000. Yeye mwenyewe alitumia miaka 23 kuunda mji wake wa treni. Aliujua uchungu huo kwa sababu aliijua kazi yenyewe.

Nawe huhitaji pauni. Jirani aliyevunjiwa banda anahitaji mbao mbili, misumari, na mtu wa kumwambia, "Pole mzee, tulikuwa tunawapenda njiwa wako." Neno hilo tu laweza kumrudishia hamu ya kuanza upya.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya huku ukingoja chakula cha mchana, nina ombi moja kwako. Kabla hujafunga mwaka huu, unda kitu. Gari la waya, bustani ya sukumawiki katika gunia, kitambaa cha kufuma, chochote, almuradi kikuchukue wiki tatu za jasho. Kikiisha, kiweke mezani ukitazame. Kisha jiulize ungejisikiaje mtu akipita na kukikanyaga kwa kicheko.

Sijamwona bado kijana anayejua thamani ya kazi ya mikono yake ambaye hupata raha kubomoa ya mwenzake. Shule zetu zikiwa na vyama vingi vya uraibu na wazazi wakiacha kuviita upotezaji wa wakati, tutapunguza kazi ya polisi bila hata kununua pingu moja zaidi.