Ukali wa Kamishna haufiki shambani

Ukigusia ubaguzi kazini kwenye vijiwe vya Ifakara, hukosi wa kukwambia kwamba dawa ni moja tu: Rais ateue Kamishna wa Kazi mkali, waajiri watanyooka wenyewe. Nakataa. Imani hiyo inawaacha vibarua wa Bonde hili la Kilombero wakisubiri mkombozi, huku sheria waliyonayo mkononi ikilala.

Tazama asubuhi ya palizi. Mnyapara anapita mbele ya vibarua kabla hawajapanda trekta, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Mwanamke ambaye mimba yake imeanza kuonekana anaambiwa akapumzike nyumbani. Hapewi barua. Anaamini hana shauri, maana hajafukuzwa na mtu. Kumbe kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataja ujauzito waziwazi, sambamba na kabila, dini, ulemavu, VVU na umri, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Akishaonyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unahamia kwa mwajiri.

Nani amemweleza hayo? Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Na hata akizijua, ofisi za kazi za mkoa ziko Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa mtu aliyenyimwa kibarua, ni chakula cha watoto.

Nitaambiwa kwamba bila mkuu mkali maafisa wa chini hulala. Kweli, mkuu mlegevu ni hasara. Lakini ukali ulio ndani ya mtu huondoka naye siku uteuzi wake unapotenguliwa. Kinachobaki ni kazi ya mafaili, isiyo na kamera wala makofi. Sheria inamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna mpango wa kuondoa ubaguzi. Afisa kazi anaruhusiwa kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa. Kamishna ninayemtaka ni yule anayefuatilia mipango hiyo mmoja mmoja, na kuhakikisha afisa anakanyaga Kidatu msimu wa miwa na Mlimba msimu wa mpunga, akiwa na gari na mafuta. Awe mpole kama maji, sijali.

Wabunge wa Kilombero na Mlimba, acheni kuuliza bungeni Serikali ina kauli gani. Ulizeni ni waajiri wangapi wa bonde hili wamesajili mipango yao, na afisa kazi alifika lini mara ya mwisho. Na wewe uliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mimba, kabila au ulemavu, andika tarehe hiyo: una siku 60 za kufikisha mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.