Ripoti ya 59 isiwe salamu

Inasikitisha kwamba baadhi yetu wanaredio wa ridhaa hutoa ripoti ya 59, kisha papo hapo wakamsihi mwenzao arudie jina mara tatu. Aliyetundika antena mpya Kanduyi atajuaje kama imefaa? Mwaka 1981, umoja wetu wa kimataifa, katika kanda ya kwanza iliyo na Kenya, ulipendekeza kwamba kwenye mawimbi mafupi S9 iwe maikrovolti 50, na kila daraja la chini lipungue kwa desibeli 6, yaani volteji igawanyike nusu. Mita nyingi hazikitii kipimo hicho, hasa mawimbi yakiwa hafifu. Tarakimu ya kwanza, hata hivyo, haitoki kwenye mita; hiyo ni kazi ya sikio. Nami nikiambulia maneno kwa taabu, natoa 3. Mwenzangu anune akitaka.